Kutoka Kutendwa Hadi Kutenda: Uhalisia Pepe katika Tiba ya Watoto Wenye Mtindio wa Ubongo

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba hujafa hujaumbika. Aghalabu methali hii hutumiwa kumwonya anayemcheka mwenye ulemavu, kwamba naye hajui litakalomfika kabla ya kuiaga dunia. Hata hivyo, methali hii ina upande wa pili ambao hautajwi mara nyingi. Ikiwa binadamu haachi kuumbika maadamu yu hai, basi hata mtoto ambaye ubongo wake ulidhurika kabla ya kuzaliwa au wakati wa kuzaliwa bado anaumbika. Upande huu wa pili ndio unaoshughulikiwa na makala hii.

Makala hii inanuia kueleza jinsi teknolojia iitwayo uhalisia pepe inavyotumiwa kuwatibu watoto wenye mtindio wa ubongo. Inaanza kwa kueleza hali yenyewe, kisha inaangalia tiba ya viungo ya kawaida na udhaifu wake, halafu inaifafanua teknolojia hiyo, ithibati iliyopo na mipaka yake. Mwishoni, inadokeza yanayowahusu wanafunzi na walimu wa Kiswahili. Hoja kuu ni moja: siri ya tiba hii haimo katika mashine. Imo katika kumtoa mtoto kwenye kauli ya kutendwa na kumtia katika kauli ya kutenda.

Mtindio wa ubongo ni nini?

Mtindio wa ubongo ni jina la jumla la matatizo ya mwendo na mkao wa mwili yanayosababishwa na madhara katika ubongo ambao bado unakua. Madhara hayo hutokea mtoto akiwa tumboni, wakati wa kuzaliwa, au katika miaka ya mwanzo ya uhai wake. Jambo la kuzingatiwa ni kwamba jeraha lenyewe halienei wala halizidi kadiri miaka inavyopita, ijapokuwa athari zake katika misuli na mifupa huweza kuongezeka mtoto anapokua.

Daktari wa kwanza kuieleza hali hii kwa upana alikuwa William John Little wa London. Katika mhadhara alioutoa mwaka wa 1861, Little aliihusisha na uzazi mgumu na ukosefu wa hewa wakati wa kuzaliwa. Kwa muda mrefu hali hii iliitwa ugonjwa wa Little. Sigmund Freud, ambaye wanafunzi wa fasihi humfahamu zaidi kwa nadharia yake ya nafsi, alikuwa daktari wa neva kabla ya hapo, na mwaka wa 1897 alichapisha kazi kubwa kuhusu kupooza kwa watoto. Alipinga kwamba uzazi mgumu ndio chanzo cha kila kisa, akashikilia kuwa huenda uzazi wenyewe huwa mgumu kwa sababu mtoto tayari ana hitilafu tumboni. Utafiti wa baadaye umeonyesha kwamba visa vingi kweli huanza kabla ya uchungu wa uzazi.

Leo inajulikana kwamba visababishi ni vingi. Miongoni mwavyo ni kuzaliwa kabla ya wakati, kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, umanjano mkali usiotibiwa katika siku za mwanzo za uhai, homa ya uti wa mgongo na, katika maeneo yetu, malaria inayopanda kichwani. Utafiti uliofanywa katika wilaya za Iganga na Mayuge, mashariki mwa Uganda, na kuchapishwa mwaka wa 2017, ulikadiria kwamba watoto wapatao 3 kati ya kila 1,000 wana hali hii.

Dalili nazo hutofautiana. Kuna watoto ambao misuli yao hukakamaa, na hao ndio wengi. Kuna ambao viungo vyao hujinyonganyonga bila hiari yao. Na kuna wanaopepesuka kwa kukosa ulinganifu wa mwendo. Mwaka wa 1997 Robert Palisano na wenzake katika Chuo Kikuu cha McMaster nchini Kanada waliunda mizani yenye ngazi 5. Mtoto wa ngazi ya kwanza hutembea na kukimbia, ingawa kwa ugumu kidogo. Yule wa ngazi ya tano huhitaji kusaidiwa hata kuinua kichwa.

Fauka ya hayo, ni muhimu kusisitiza kwamba hali hii si sawa na upungufu wa akili. Takriban nusu ya watoto hawa wana ulemavu wa akili wa kiwango fulani; nusu nyingine hawana. Mtoto ambaye ulimi wake haumtii huenda akawa anaelewa kila neno linalosemwa mbele yake, yakiwemo yale ambayo wasemaji wasingeyatamka kama wangejua kwamba anaelewa.

Tiba ya viungo na tatizo la marudio

Hakuna dawa inayoondoa jeraha la ubongo. Hata hivyo, ubongo una sifa ya kujipanga upya: sehemu zilizo nzima huweza kujifunza kazi zilizoshindwa kufanywa na zile zilizodhurika. Sifa hii huwa na nguvu zaidi utotoni. Sharti lake ni kwamba tendo lirudiwe mara nyingi, na lirudiwe kwa makusudi. Mpiga kinanda hafundwi na mtu mwingine kumshika vidole na kuvigandamiza. Hufundwa na vidole vyake mwenyewe, vikikosea na kusahihisha.

Kwa miaka mingi tiba ya viungo haikulizingatia sharti hili ipasavyo. Katika vituo vingi, mtoto alilazwa juu ya mkeka, tabibu akamnyoosha miguu, akamkunja magoti, akamgeuza ubavu. Ukitazama vitenzi hivyo kwa jicho la mwanasarufi, utaona kwamba mtoto hatendi lolote. Ananyooshwa, anakunjwa, anageuzwa, anabebwa, anarudishwa nyumbani. Ni yambwa katika kila sentensi, na maisha yake yote yamo katika kauli ya kutendwa. Watafiti wa miaka ya karibuni wanakubaliana kwamba mazoezi anayofanyiwa mtoto bila yeye kushiriki yana manufaa madogo katika kumfunza mwendo, ilhali mazoezi anayoyafanya mwenyewe, kwa lengo analolitaka mwenyewe, ndiyo yanayozaa matunda.

Lakini ni nani atakayemfanya mtoto wa miaka 6 ainue mkono mgumu, unaomchosha, mara 200 kwa siku, siku 5 kwa juma? Mzazi humbembeleza, tabibu humwahidi peremende, na baada ya dakika chache mtoto hukataa. Huu si ukaidi. Hata mtu mzima huchoshwa na kazi asiyoiona faida yake. Hapa ndipo uhalisia pepe ulipopata nafasi.

Uhalisia pepe na asili yake

Uhalisia pepe ni mazingira yaliyoundwa kwa tarakilishi ambamo mtu huweza kuingia, kutazama huku na huko, na kutenda mambo yakamjibu. Mwaka wa 1968, nchini Marekani, Ivan Sutherland alionyesha chombo cha kuvaliwa kichwani kilichomwezesha mvaaji kuona maumbo yakielea mbele yake na kubadilika kadiri alivyogeuza kichwa. Chombo hicho kilikuwa kizito hata kikalazimu kuning'inizwa kutoka darini. Katika miaka ya 1970, Myron Krueger alifuata njia nyingine: hakumvisha mtu chochote, bali alimpiga picha kwa kamera na kukitia kivuli chake ndani ya skrini ili kicheze na vitu vilivyochorwa humo. Katika miaka ya 1980, Jaron Lanier aliieneza istilahi ya Kiingereza ambayo sasa Kiswahili kinaifasiri kwa jina la uhalisia pepe.

Njia hizi mbili zingali zinatumika. Ya kwanza ni ya miwani inayomfunika mtu macho na kumzamisha katika ulimwengu mwingine. Ya pili ni ya skrini na kamera, au ya kifaa cha kushikwa mkononi kinachotambua mwendo. Kwa watoto wenye mtindio wa ubongo, utafiti mwingi umetumia njia hii ya pili, kwa kuwa haimlemei mtoto kichwa wala haimfichi tabibu wake.

Neno pepe, ambalo wasomaji wamelizoea kutokana na barua pepe, lina maana nyingine kongwe: ni punje ya mpunga isiyo na kiini. Je, uhalisia huu nao ni ganda tupu? Kwa upande wa vitu, ndiyo. Mpira unaoonekana kwenye skrini haupo, na golikipa anayeudaka hagusi kitu. Lakini mkono ulionyooka kuudaka umenyooka kwelikweli. Misuli imekaza na kulegea, jicho limekadiria umbali, na ubongo umetoa amri ukaona matokeo yake papo hapo. Ganda ni tupu, lakini kiini kimo ndani ya mtoto mwenyewe.

Ithibati ya watafiti

Miongoni mwa waliotangulia kuichunguza tiba hii ni Denise Reid wa Chuo Kikuu cha Toronto. Katika utafiti wa awali aliouchapisha mwaka wa 2002, Reid hakuchunguza tu iwapo viungo vya watoto vilitengenea. Alichunguza pia iwapo mchezo ndani ya skrini ulibadilisha jinsi mtoto alivyojiona kuhusu uwezo wake. Swali hilo lilikuwa na uzito wa pekee, maadamu mtoto anayeamini kwamba hawezi hajaribu, na asiyejaribu hajifunzi.

Mwaka wa 2005 Sung H. You na wenzake walichapisha kisa cha mvulana wa miaka 8 aliyedhoofika upande mmoja wa mwili. Mvulana huyo alicheza michezo ya skrini na kamera kwa dakika 60 kwa siku, siku 5 kwa juma, kwa majuma 4. Watafiti waliupiga picha ubongo wake ukiwa kazini, kabla ya tiba na baada yake. Kwa kawaida upande wa kushoto wa ubongo huongoza mkono wa kulia, na wa kulia huongoza mkono wa kushoto. Kabla ya tiba, mvulana alipoutumia mkono dhaifu, pande zote mbili za ubongo zilihangaika kwa pamoja. Baada ya majuma 4, kazi ilihamia zaidi upande uliostahili. Kubwa zaidi ni kwamba aliweza kunyoosha mkono huo kukifikia kitu kwa hiari yake, kujilisha na kujivika nguo, mambo ambayo hapo awali mkono huo haukuyaweza.

Vyombo vya namna hiyo vilikuwa ghali mno. Mwaka wa 2006 kampuni ya Nintendo ilipotoa Wii, mchezo wa nyumbani unaoongozwa kwa kutikisa mkono, watabibu waliona mwanya. Mwaka wa 2008 Judith Deutsch na wenzake nchini Marekani walichapisha kisa cha kijana mwenye mtindio wa ubongo aliyepewa vipindi 11 vya michezo hiyo, ikiwemo ndondi na tenisi. Waliripoti maendeleo katika mkao wake na katika umbali aliomudu kutembea kwa magongo. Mwaka wa 2010 ilifuata Kinect ya kampuni ya Microsoft, kamera iliyoutambua mwili mzima bila mchezaji kushika chochote. Uundaji wa vifaa hivi viwili umekwisha kusitishwa, lakini njia viliyoifungua ingali inafuatwa.

Kwa nini mchezo hutibu?

Sababu ya kwanza ni marudio. Mtoto anayedaka mipira hahesabu ni mara ngapi ameinua mkono; huhesabu mabao. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hiki hujazwa na mtoto asiyejua kwamba anakijaza.

Sababu ya pili ni jibu la papo hapo. Akinyoosha mkono vya kutosha, mpira hudakwa, asipofika, humpita. Hahitaji mtu wa kumwambia amekosea.

Sababu ya tatu ni kiwango cha ugumu. Tabibu huweza kuupunguza mwendo wa mpira, kuukuza au kuusogeza karibu, ili mtoto afaulu mara nyingi kuliko anavyoshindwa, lakini asifaulu kila mara. Kujikwaa si kuanguka, ni kwenda mbele. Katika ulimwengu pepe mtoto hujikwaa bila kuumia wala kuchekwa.

Sababu ya nne ndiyo inayomgusa mwanafasihi. Mtoto wa Kiswahili anapoambiwa "Paukwa!" na kuitikia "Pakawa!", anakubali kuuvuka mpaka. Anajua kwamba sungura hasemi, lakini kwa muda wa hadithi sungura atasema. Kukubali huku ndiko kunakomwezesha kujifunza kutokana na hadithi. Uhalisia pepe hudai idhini iyo hiyo. Tofauti ni kwamba msikilizaji wa ngano hushiriki kwa masikio na moyo, ilhali mchezaji huyu hushiriki kwa viungo. Yeye ndiye mhusika mkuu, na kisa hakisongi asiposonga.

Mipaka ya tiba hii

Pamoja na hayo, si vyema kuipamba teknolojia hii kupita kiasi. Kwanza, tafiti nyingi zimehusisha watoto wachache; kisa cha mvulana mmoja hutoa matumaini, lakini hakitoshi kuwa kanuni. Aghalabu walioshirikishwa ni wale wa ngazi nafuu, huku wale wa ngazi ya nne na ya tano wakiachwa nje.

Pili, ustadi wa mchezoni hauhami wenyewe kwenda maishani. Mtoto anaweza kudaka mipira 100 katika skrini na bado akashindwa kushika kikombe cha chai. Kwa hiyo, tabibu hulazimika kuunganisha mchezo na kikombe, na kuona kwamba mtoto hatumii mkono mzima kuudanganya mchezo. Mashine ni msaidizi wa tabibu, si mrithi wake.

Tatu, michezo ya madukani iliundwa kwa ajili ya watoto wasio na ulemavu. Huwa ya kasi, na huweza kumtangazia mtoto kwamba ameshindwa kabla hajainua mkono. Miwani nayo huweza kuleta kizunguzungu. Isitoshe, takriban mtoto mmoja kati ya wanne wenye hali hii ana kifafa, na mimweko ya mwanga huweza kuwaletea baadhi yao degedege. Ushauri wa daktari hauna budi kutangulia.

Nne ni gharama. Mama anayembeba mgongoni mtoto wa miaka 8 hadi kituo cha afya, kwa sababu hana kiti cha magurudumu, hawezi kuambiwa anunue miwani. Lakini msingi wa tiba hii hauhitaji umeme. Puto lililoning'inizwa mlangoni, mpira wa matambara unaosukumwa kwenye mkeka, au kete za bao zinazookotwa na kudondoshwa moja moja shimoni, vyote huweza kumtia mtoto katika hali ya kutenda, mradi tabibu ameonyesha njia na mtoto ameupenda mchezo.

Nafasi ya Kiswahili

Huenda msomaji akauliza haya yanahusianaje na jarida la Kiswahili. Yanahusiana kwa njia mbili.

Ya kwanza ni majina. Istilahi ya mtindio wa ubongo, iliyotumiwa katika makala hii kwa kuwa ndiyo iliyoenea, imetumiwa pia kwa maana ya upungufu wa akili, na kwa hivyo humhukumu mtoto kabla hajafungua kinywa. Istilahi nyingine, kupooza kwa ubongo, nayo hupotosha, kwani ubongo haukupooza. Kama ungepooza, mvulana wa mwaka 2005 asingejifunza kujilisha. Aidha, lugha yetu imezoea kuwataja watu wenye ulemavu kwa nomino zenye viambishi ki- na vi-, kama vile kilema, kiwete na kiziwi, viambishi ambavyo pia huunda majina ya vitu na ya udogo. Ibara ya 54 ya Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima na kuitwa kwa namna isiyomdunisha. Haki hiyo haiwezi kutekelezwa na wanasheria pekee. Inahitaji watu wanaoijua lugha, watakaounda istilahi inayosema kwamba jeraha lipo, lakini mlango haujafungwa.

Ya pili ni sauti ya mashine. Michezo mingi ya tiba huzungumza Kiingereza na lugha nyingine za nchi ilikoundwa, ilhali watoto wengi wa Afrika Mashariki huelekezwa nyumbani kwa Kiswahili au kwa lugha ya mama. Mtoto anayejitahidi kuutawala mkono wake asiongezewe mzigo wa kukisia maana ya amri. Kiswahili kina hazina ya vitenzi vya mwendo inayoifaa kazi hii: inama, inuka, shika, achilia, vuka. Kina hata kauli ya kutendua, ambayo humpa mtoto aliyekaza ngumi neno analolihitaji hasa: aliyekunja, kunjua. Kuitafsiri programu ya aina hii ni kazi ambayo mwanafunzi wa tafsiri angeweza kuifanya kwa kushirikiana na watabibu na watu wa tarakilishi, na tasnifu yake isingebaki kabatini.

Hitimisho

Makala hii imeeleza kwamba uhalisia pepe hauponyi jeraha la ubongo. Unachofanya ni kumpa mtoto sababu ya kurudia tendo gumu hadi ubongo wake uliosalia ulizoee. Imeonyesha pia kwamba ithibati iliyopo inatia moyo ingawa ni finyu, na kwamba kiini cha tiba chaweza kupatikana hata pale pasipo na skrini. Vifaa vitabadilika, kama Wii na Kinect zilivyokwisha kupisha vingine. Litakalobaki ni lile ambalo sarufi ya Kiswahili ililijua zamani: kuna umbali mkubwa kati ya mtoto anayelishwa na mtoto anayekula. Umbali huo katika maandishi ni silabi chache tu. Katika maisha ya mtoto na mama yake, huweza kuwa ni miaka ya kazi, na kila hatua ya njia hiyo inastahili kupewa jina linalomheshimu anayeipiga.